Nimeuziwa "seax ya Kisaksoni" ya kazi, imekatika mpinini mtoto wa dada akiwa hatua chache tu. Wauzaji hawa wanataka tufe?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina siku ya nne tangu jambo hili linipate na hasira hazijashuka, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila kwa sasa naishi Kent, Uingereza. Nakusanya visu vya kale vya huku, hasa vile virefu vya Waanglo-Saksoni, watu wa kale wa England, vinavyoitwa seax (tamka "saks"). Ni kisu cha makali upande mmoja, mgongo mnene, ncha kali. Vipo vya kiganja vya kukatia nyama mezani, na vipo virefu karibu na upanga. Vya hapa Uingereza vya karne ya 9 na ya 10 utavijua kwa mgongo: unakuja umenyooka, halafu ghafla unakatwa mshazari kushuka kwenye ncha. Watu wa zamani walikivaa kiunoni kimelala, makali yakitazama juu, ndani ya ala ya ngozi. Nimelelewa na babu mhunzi, nimevuta mivuo yake tangu sijaanza shule, ndiyo maana visu hivi vilinishika moyo tangu siku ya kwanza nilipoviona.

Miezi miwili iliyopita nikaagiza kimoja kwa muuzaji wa mtandaoni. Maelezo yake yalisema kimefuliwa kwa mkono, chuma cha pua cha matabaka, msuka (mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini) mzima hadi mwisho wa mpini, kimenolewa na kiko tayari kwa kazi za nje. Akaongeza kwamba ni nakala ya ile seax ya mto Thames. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa wiki moja na ushee. Nikalipa.

Jumamosi nikaenda nacho kwenye shamba la jamaa yangu, kimefungwa kwenye buti ya gari, maana huku ukikutwa na kisu kama hicho hadharani bila sababu ya maana ni kesi. Kazi ilikuwa kufyeka kichaka cha miiba nyuma ya banda. Mijeledi ya miiba, minene kama kidole. Si magogo, si mifupa. Nimepiga kama mara ishirini hivi, nikasikia mpini unacheza. Kabla sijasimama, pigo lililofuata likaacha mpini mkononi mwangu na bapa likaruka. Sentimita 55 za chuma zenye makali zimepita hewani na kuchoma udongo karibu na pale mtoto wa dada yangu alipokuwa anakusanya matawi. Ana miaka tisa. Nilikaa chini palepale, miguu haikunibeba.

Sasa njooni muone kilichokuwa ndani ya mpini. Nimeupasua kwa patasi juu ya meza ya jikoni. Msuka unatakiwa utoke kwenye bapa lenyewe, chuma kilekile, ukipungua polepole. Babu alikuwa hata jembe la jirani halitoki kwake kabla hajaukagua msuka. Hiki changu bapa lilikatwa mraba, ukaachwa ulimi mfupi kama ukucha, kisha ikachomelewa fimbo ya bolti nyembamba kama penseli. Bolti ya dukani, ina hesi na nati mwishoni! Pale pa kuchomelea kuna kovu la kutu la zamani nusu ya duara, na nusu nyingine inang'aa. Maana yake ufa ulikuwepo kabla kisu hakijafika kwangu. Nafasi yote iliyobaki wamemwaga gundi ya rangi ya asali. Hiyo ndiyo "msuka mzima hadi mwisho wa mpini".

Nikaanza kuchunguza na mengine. Yale mawimbi mazuri ya matabaka juu ya bapa nimeyapitisha msasa dakika tano, yakafutika, chini yake chuma cheupe kitupu. Ni michoro ya tindikali. Mafundi wa kale walisokota fito za chuma, wakazichomea pamoja kwenye moto, wakaunga na makali ya chuma kigumu, kwa hiyo mawimbi yamo hadi ndani, ukinoa miaka kumi bado unayaona. Nikapitisha tupa kwenye makali, ikauma kama inauma msumari. Hakijawahi kuzamishwa kwenye maji au mafuta kikiwa chekundu ili kiwe kigumu, au kama kilizamishwa, basi aliyefanya hivyo hajui kazi.

Na lililoniudhi kuliko yote, pengine kwa wengine ni dogo: maandishi. Seax ya Thames ninaijua. Nimesimama mbele yake British Museum, jumba la makumbusho la London, mara nyingi hadi walinzi wananitambua. Iliokotwa mtoni karibu na Battersea mwaka 1857, urefu wake wote ni sentimita 72.1, na ubavuni ina alfabeti kamili ya runi (herufi za kale za kuchonga) za Kiingereza cha kale, herufi 28, pamoja na jina Beagnoth, zote zimetiwa kwa nyuzi za shaba na fedha. Hata mchongaji wake alikosea mpangilio wa herufi chache kuelekea mwisho, nami huwa nampenda kwa hilo, unamwona mtu kazini. Hiki changu nimehesabu herufi 24. Wamechukua alfabeti ya runi ya zamani zaidi ya bara la Ulaya, ya watu wengine, wakaichoma kwa leza, halafu wakaandika "nakala ya Thames". Herufi mbili zimegeuzwa kichwa chini. Jina la Beagnoth halipo kabisa. Mtu pekee anayetajwa kwenye chuma kile kwa zaidi ya miaka elfu, wamemfuta.

Wakaweka na kikinga mkono cha shaba kama cha upanga. Seax haina kikinga mkono! Ni bapa na mpini mrefu wa mti, pembe au mfupa, basi. Ni kama sime ya Mmasai, mshiko umevikwa ngozi na mkono unajua pa kukaa.

Nimemwandikia muuzaji, nikatuma picha kumi na moja. Jibu lilikuja siku ya pili: kisu ni cha mapambo, hakikutengenezwa kwa matumizi, na kwa kuwa nimepasua mpini siwezi kurudishiwa hela. Nikamtumia tangazo lake mwenyewe lenye maneno "tayari kwa kazi za nje". Kimya. Jioni nimefungua ukurasa, yale maneno yameondolewa. Bahati nzuri nilikuwa nimeshapiga picha ya skrini, na benki nimeshapeleka malalamiko.

Ukurasa huohuo bado unauza "seax" nyingine yenye meno ya msumeno mgongoni, bapa la inchi 12. Kisu cha namna hiyo chenye ncha, kikizidi inchi 8, kimepigwa marufuku England na Wales tangu tarehe 24 Septemba 2024, hata kukiweka nyumbani. Hakuna Msaksoni aliyekuwa na kitu kama kile. Mtoto wa mtu atakinunua akidhani ni historia, atapata kesi, na sisi wenye visu halali tutazidi kubanwa.

Wale mtakaosema "ungening'iniza ukutani yaishe": hapana. Kuna seax iliyopatikana Sittingbourne, hapahapa Kent, upande mmoja imeandikwa Biorhtelm alinitengeneza, upande wa pili Sigebereht ananimiliki. Fundi aliweka jina lake kwenye chuma, akijua mwenye mali atakitumia na akimtafuta atampata. Huyu wa kwangu hana hata anwani.

Mwenye mpango wa kununua, mwambie muuzaji akutumie picha ya bapa likiwa uchi, kabla mpini haujawekwa. Fundi wa kweli anayo, tena ataituma kwa furaha. Akianza kuzunguka, ondoka. Ambaye ameshanunua, kabla hujakata chochote, shika bapa kwa kitambaa kinene, gonga mpini kwenye ubao na usikilize. Kikiwa na mlio wa kutikisika ndani, usikitumie tena.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza pembeni kwa nini nisitumie panga tu nikaacha mambo ya Wazungu. Mkuu wangu, panga ninalo, na sime ya babu ninayo pia, ameifua kwa springi ya Land Rover, ina umri kunizidi na msuka wake haujawahi kucheza. Ndiyo maana nimekasirika. Mtu mwenye springi ya gari na mkaa aliweza.

NYONGEZA 2: Jina la muuzaji silitaji hapa hadi benki imalize. Ila kama una kisu chenye kikinga cha shaba na runi 24 za leza, weka picha ya pale bapa linapokutana na mpini. Nitaangalia zote usiku wa leo, na ambacho nina wasiwasi nacho nitamwambia mwenyewe moja kwa moja.