Tupeane uzoefu: hajui kazi, na kibri juu

Bint Mkunazini
Assalaam alaykum. Nimerudi sasa hivi, mwili bado unanitetemeka. Mamangu ana miaka 71 na goti bovu. Leo mara ya tatu tunafuata cheti kimoja tu. Mara ya kwanza jina la babu limeandikwa Hamis, kitambulisho kinasema Khamis. Ya pili wakatengeneza jina, wakakosea mwaka. Leo kijana wa dirishani anatizama simu, hata kichwa hainui: "Barua ya sheha iko wapi?" Barua kaichukua yeye kwa mkono wake wiki iliyopita! Nikamkumbusha kwa heshima. "Wewe ndo wa kunifundisha kazi?" Mama kakaa kwenye benchi mpaka adhana ya adhuhuri. Kukosea nasamehe, sote binadamu. Lakini akukosee, kisha akufokee? Na nyie semeni, nijue siko peke yangu.

Ami wa Jang'ombe
Hiyo "kh" na mie imenitesa miezi minne. Mpe pole bi mkubwa.

Mtu wa Wete
Umenikumbusha shemegi yangu. Karafuu za vuli ziko juu ya majamvi siku ya tatu, zimeanza kukatika vizuri ukizivunja. Yeye kaja likizo kutoka mjini. Hajachuma hata konyo moja maishani, lakini asubuhi ile keshakuwa bwana shamba: huyu anaanika vibaya, yule anachambua vibaya. Bibi akatizama wingu, akasema, "Kunjeni, inakuja." Shemegi akatoa simu: "Leo hakuna mvua, imeandikwa hapa. Mnapoteza jua." Akasimama katikati ya uwanja anawazuia watoto wasishike majamvi.

Haikuchukua muda ikashuka. Si manyunyu, mvua! Tulikimbia na mabati, mikeka, mpaka kanga za bibi, maji yalishapita chini. Kisha mawingu siku nne. Zikavunda, zikatoka nyeupenyeupe kama zimepakwa unga. Kwa asiyejua, kilo tatu mbichi ndo zinakupa kama moja kavu, na kila kishada kachuma mtu aliye juu ya mkarafuu. Jioni ile shemegi anakunywa chai, anasema, "Majamvi yenu mabovu." Bibi hakumjibu. Aliokota karafuu moja, akaivunja kwa ukucha, akainusa, akairejesha chini. Hiyo ndo siisahau.

Kijana wa Mpendae
Msiwasingizie watu wa mjini. Wazee nao wana ujuaji wao, na simu mara nyingi inasema kweli.

Mtu wa Wete
Nani kasema watu wa mjini? Nimesema shemegi. Soma vizuri.

Kijana wa Mpendae
"Kaja likizo kutoka mjini" nimeandika mie?

Bint Mkunazini
Jamani, mmekuja kuhadithia au kugombana?

Mwana wa Ng'ambo
Langu mie lilitaka kuua watu. Mnaikumbuka ile miezi mitatu ya kiza Unguja nzima, Desemba 2009 mpaka Machi 2010? Jirani yetu alinunua jenereta. Kwa kuogopa wezi akaliweka ukumbini, madirisha kafunga. Babangu akamwendea baada ya Isha: "Mwanangu, litoe nje, moshi huu unaua." Akajibiwa, "Mzee, mie nimesoma. Nenda kalale." Alfajiri baba anakwenda msikitini, akasikia jenereta linanguruma na ndani kimya. Kagonga, kimya. Tukavunja mlango. Mama anatapika sakafuni, watoto wawili hawaamki. Tuliwabeba mikononi mpaka barabarani, gari ya samaki ndo iliyotufikisha hospitali. Sumu ya moshi ule haina harufu, inakukuta usingizini.

Ami wa Jang'ombe
Subhanallah! Watoto wakapona?

Kijana wa Mpendae
Ya karafuu nimeyaacha. Watoto vipi? Usitukatie hapo.

Mwana wa Ng'ambo
Wakapona, alhamdulillahi. Mkubwa alikaa hospitali siku tano.

Bi Chake
Namshukuru Mungu. Na wewe Bint, kesho nenda na mtu mzima, kanzu na kofia. Utaona kijana anavyoinua kichwa.

Ami wa Jang'ombe
Hapana, haki yake haitaki kanzu. Kila karatasi unayompa toa nakala, mwambie aigonge muhuri na tarehe. Akikataa, muulize mkubwa wake nani.

Kijana wa Mpendae
Au apelekwe shemegi wa Wete pale dirishani, wapambane wenyewe.

Mtu wa Wete
Hapo umesema, ndugu yangu.

Bint Mkunazini
Nakala nshazitoa. Kesho saa moja na nusu nipo mlangoni. Mama nilitaka apumzike, kasema haachwi.

Bi Chake
Mwana wa Ng'ambo, na yule jirani?

Mwana wa Ng'ambo
Jenereta alilitoa siku ile ile, akaliweka chini ya mwembe. Kwa baba hakuja kusema neno.