"Her" ni kiwakilishi au kivumishi?

Mzazi wa Kidato cha Kwanza
Habari zenu, wanajukwaa. Binti yangu aliulizwa aina ya neno "her" katika sentensi mbili, "I saw her" na "I saw her bag". Alijibu kwamba yote mawili ni viwakilishi, akakosa la pili, ingawa orodha iliyomo daftarini mwake inaliweka neno hilo chini ya viwakilishi tu. Naomba kueleweshwa.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu mzazi, orodha peke yake haitoshi, kwa sababu katika Kiingereza neno lilelile huweza kufanya kazi mbili bila kubadilika umbo. Katika "I saw her", neno hilo limesimama badala ya jina la aliyeonekana, kwa hiyo ni kiwakilishi. Katika "I saw her bag", kilichoonekana ni mkoba, na "her" inaeleza ni wa nani, kama "wake" katika "mkoba wake". Binti aweke mwanamume mahali pa mwanamke, naye atapata "I saw him" na "I saw his bag", hapo tofauti itajitokeza yenyewe. Vitabu vingine huliita hilo la pili kibainishi, na vingine huliacha miongoni mwa viwakilishi vya kumiliki, kwa hiyo katika mtihani ni salama afuate istilahi za mwalimu wake.

Msomaji wa Kamusi
Naongeza tahadhari: "his" nayo ina mtego wake, kwani husemwa "his bag" na pia "the bag is his". Hapo arudi kwa mwanamke, apate "her bag" na "the bag is hers".

Mzazi wa Kidato cha Kwanza
Ahsanteni sana. Na "that" je? Naiona kila mahali.

Mwalimu Mstaafu
Hiyo ipimwe kwa Kiswahili, ambacho hapa hutumia maneno tofauti. "I know that" ni "ninalijua hilo", nacho ni kiwakilishi; "I know that man" ni "ninamjua mtu yule", nacho ni kivumishi; "I know that he came" ni "ninajua kwamba alikuja", nacho ni kiunganishi. Katika "the man that came" hakuna hata neno la kujitegemea linalohitajika, kwa kuwa sisi husema "mtu aliyekuja", na kazi yote ya "that" imebebwa na "-ye-" iliyo ndani ya kitenzi.