Saa mbili za mfukoni, chapa “0,755” na “14K”: dhahabu yake ni kiasi gani?

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye ujuzi. Marehemu babu yetu, aliyekuwa karani bandarini Tanga, ametuachia saa mbili za mfukoni, na wazee wa ukoo wamenitaka nijue thamani yake kabla mirathi haijagawanywa. Ya kwanza ina vifuniko vitatu. Upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma imepigwa chapa “18K”, “0,755”, namba ndefu, na kichwa kidogo mno cha mwanamke ambacho sikukiona mpaka nilipotumia kioo cha kukuzia. Kifuniko chembamba cha ndani, kile kinachokinga mashine na vumbi, kimeandikwa “cuvette métal”. Saa ya pili ina maneno “J. Boss”, “14K” na “Warranted 25 Years”. Sonara niliyemwendea alizipima zote mbili kwa pamoja, mashine zikiwa ndani, akataka kuzinunua kwa bei moja ya gramu. Nilizirudisha nyumbani. Je, alama hizi zinaeleza nini hasa?

Jibu la fundi saa, Mombasa

Poleni kwa kuondokewa na mzee. Ulifanya vyema kuzirudisha, kwa sababu saa hizo mbili hazifanani hata kidogo kwa dhahabu iliyomo.

Tuanze na ya kwanza. Kichwa cha mwanamke ni Helvetia, alama ya serikali ya Uswisi kwa dhahabu ya karati 18 (ndiyo hiyo “18K”; karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu), iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1880. Karati 14 ilipewa kindi, na namba yake ni 0,583 au 0,585. Hiyo 0,755 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini ya kasha, sehemu 755 ni dhahabu safi. Lenye uzito hapa ni kile kichwa: “18K” anaweza kuipiga mtengenezaji yeyote kwa nyundo yake mwenyewe, lakini Helvetia ilipigwa na ofisi ya ukaguzi baada ya madini kupimwa. Itafute pia kwenye kifuniko cha mbele, maana kifuniko kinaweza kuwa kilibadilishwa baadaye. Kuhusu “cuvette métal”, mtengenezaji amekwambia ukweli wazi kwamba kifuniko cha ndani ni cha madini ya kawaida, usikihesabu kamwe.

Ya pili ni ya Kimarekani. James Boss alipata hataza mwaka 1859 ya kuunganisha mabamba membamba ya dhahabu pande zote mbili za bamba la madini ya bei nafuu, kisha kulipitisha kwenye roli mpaka lifikie unene wa kasha. Kwa hiyo “14K” inaeleza ubora wa ngozi ya juu tu, na miaka 25 ni muda ambao kiwanda kiliahidi ngozi hiyo haitachakaa. Kasha la dhahabu tupu halina haja ya ahadi ya miaka. Ukiona maneno ya namna hiyo pamoja na idadi ya miaka, iwe 10, 20 au 25, jua kwamba ni dhahabu ya kufunika. Angalia kingo, bawaba na shingo ya kitufe cha kujazia: mara nyingi shaba huanza kuchungulia hapo.

Jibu la mkusanyaji saa, Birmingham

Naongeza jambo kwa wenye saa za Uingereza, kwa kuwa alama za huku zina mpangilio wake. Mwaka 1854 sheria iliruhusu karati 15, 12 na 9, zikiandikwa pamoja na .625, .5 na .375, mwaka 1932 karati 15 na 12 zikafutwa na nafasi yao ikachukuliwa na 14. Kwa hiyo kasha lenye 15 na .625 lina umri unaojulikana, hata kabla hujasoma herufi ya mwaka, yaani ile inayoonyesha mwaka kasha lilipopimwa. Karati 18 ya hapa hapa ilipigwa taji kando ya namba. Nanga ni alama ya ofisi ya ukaguzi ya Birmingham, kichwa cha chui ni London, na miganda mitatu ya ngano pamoja na upanga ni Chester. Kuanzia tarehe 1 Juni 1907, makasha ya kigeni yaliyoingizwa Uingereza yalilazimika kupimwa upya na kupigwa alama za peke yake, bila taji. Birmingham, kwa mfano, ilitumia pembetatu. Kukosekana kwa alama hizo kwenye saa ya marehemu si kasoro, maana sheria hiyo haikuhusu saa zilizouzwa kwingine.

Nakusihi, usikubali mtu achonge kasha kwa tupa ili “kuona rangi ya ndani”. Anayejua kazi atasugua kidogo kwenye jiwe la kupimia, mahali pasipoonekana, au atatumia mashine ya eksirei, ambayo haiachi alama. Lakini eksirei husoma tabaka la juu tu, na saa ya J. Boss inaweza kuidanganya.

Muulizaji anarejea

Ahsanteni sana. Fundi wa saa amezifungua mbele yangu na mbele ya ami yangu. Helvetia ipo nyuma na mbele, na sehemu za dhahabu peke yake, bila mashine, kioo, springi wala kifuniko cha ndani, zina gramu 38, yaani takriban gramu 28.7 za dhahabu safi. Ya pili, shaba imeonekana kwenye bawaba, kama mlivyosema. Nimewaandikia wazee hesabu hiyo pamoja na namba za makasha na za mashine, ili mashine zisije zikabadilishwa huko njiani.

Fundi saa, Mombasa

Hesabu yako ni sahihi. Waandikie pia kwamba hiyo ni thamani ya kuyeyusha tu. Saa ya Uswisi ikiwa inatembea na vifuniko vyake ni vya asili, mkusanyaji anaweza kuitolea bei inayoipita hiyo. Na mashine ya ile ya Kimarekani ipigiwe picha na jina lake lisomwe, kwa sababu thamani yake imo kwenye mashine zaidi ya kasha.