Naanza kufuga nyuki Manyoni: mizinga mingapi, ya aina gani, na nyuki wanaingiaje?

MgeniWaManzuki

Habari za humu wadau. Nina ekari 6 hapa Manyoni, mkoa wa Singida. Ekari 4 nalima alizeti, 2 ni pori ambalo halijaguswa na miti mikubwa bado ipo. Nataka kuweka manzuki (sehemu ya kufugia nyuki) humo, na sijawahi hata kufunua mzinga. Nimeshauriwa nianze na mizinga 20 ya kisasa kwa mpigo. Fundi seremala ameshaanza wa kwanza, mzinga wa viunzi (vipande vya mti vinavyopangwa juu, nyuki wananing'iniza masega humo), na viunzi vyake amevikata upana wa inchi 1 na nusu, anasema nyuki wapate nafasi ya kutosha.

Naomba kujua: 20 ni sawa kwa anayeanza? Nibaki na huu wa viunzi au niende Langstroth (mzinga wa sanduku lenye fremu za kuchomoa)? Nyuki wenyewe wananunuliwa wapi? Halafu pori liko kama mita 150 kutoka banda la mbuzi.

SeremalaWaNyuki

Mkuu, kabla ya yote mpigie fundi asimamishe msumeno. Kiunzi cha nyuki wetu ni milimita 32. Inchi 1 na nusu ni 38, na hizo 6 za ziada ndizo zitakazokuharibia kazi.

Sababu ni hii: sega moja pamoja na njia ya nyuki kupita kando yake vinachukua milimita 32 kwa nyuki wa huku. Wale wa Ulaya ni wakubwa kidogo, ndiyo maana wenzetu huko hutumia 35. Ukiwapa kiunzi kipana, sega la kwanza litakaa katikati, la pili litasogea kidogo, na likifika la tano au la sita limeshavuka kwenda kiunzi cha jirani. Siku ukiinua kimoja unararua mawili, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki), na nyuki wanakasirika kwa haki yao kabisa.

Vipimo vya kumpa fundi: kiunzi urefu sm 48, upana mm 32 kamili, kisipungue wala kuzidi. Upande wa chini, katikati, achore mfereji wa upana mm 3 na kina mm 5 kutoka ncha hadi ncha, ila aache kama sm 3 kila mwisho ambapo kiunzi kinakalia ukuta. Mfereji huo unamiminiwa nta iliyoyeyushwa, na nyuki wataufuata kama mstari wa kujengea. Usipake nta upande mzima wa chini, maana utakuwa umewaambia wajenge popote. Viunzi 26 vikipangwa vigusane bila mwanya vinafanya sm 83.2, kwa hiyo urefu wa ndani wa sanduku uwe sm 84. Kina sm 30. Kuta za pembeni ziinamie ndani, juu sm 44, chini sm 20 hivi. Ukuta ulioinama nyuki hawaugandishi masega sana kama ulionyooka.

Mbao iwe ya inchi 1. Nyembamba ni rahisi, lakini jua la Oktoba huko kwenu litalainisha nta, masega yakatike yaanguke na kila kitu. Matundu ya kuingilia yatosha manne ya mm 10. Fundi wengi hupenda kukata mlango mrefu unaopendeza macho, na kupitia mlango huo huo huingia panya na mijusi. Paa la bati litokeze angalau sm 5 kila upande na kuwe na upenyo wa hewa kati ya bati na viunzi. Ndani usipake chochote, si rangi, si dawa ya mchwa, si vanishi.

NtaNaMchaichai

Nyuki huku hawanunuliwi mkuu, wanategwa. Unatayarisha nyumba, wao wanaikagua, wakiipenda wanahamia. Kwa hiyo pesa usiimalizie kwenye idadi ya masanduku. Anza na 5. Mzinga mtupu nao unahitaji kuhudumiwa: kila wiki mbili unatoa buibui, unafagia sisimizi, unaangalia kama nondo wa nta hajaanza kula chambo. Mizinga 20 mitupu inachosha, na mtu akichoka huiacha, miezi sita baadaye imekuwa nyumba ya mijusi. Ikiingia 3 kati ya 5 msimu wa kwanza, umefanya vizuri.

Wakati ndio muhimu kuliko aina ya mzinga. Makundi hugawanyika na kutafuta makazi maua yanapokuwa mengi. Miti ya miombo mingi huchanua kabla ya mvua, kuanzia Septemba, kwa hiyo mizinga iwe imeshatundikwa na kutiwa chambo mwishoni mwa Agosti. Ukitundika Juni wakati pori limekauka, utakaa unatazama matundu tu.

Chambo: nta safi. Yeyusha gramu 200 hivi juu ya maji ya moto (chombo ndani ya sufuria yenye maji, nta ukiiweka moja kwa moja motoni inawaka), mimina kwenye mifereji ya viunzi, inayobaki paka kuta za ndani na kuzunguka matundu. Gundi ya nyuki kutoka mzinga wa zamani ukiipata, ni bora zaidi. Kisha chukua majani ya mchaichai, yaponde, sugua mlangoni na ndani. Hii si imani: harufu ya mchaichai inafanana na ile wanayoitoa nyuki wakiitana nyumbani. Rudia kila baada ya wiki mbili.

Asali na sukari usiweke kama chambo. Vinaita sisimizi kabla ya nyuki, na nyuki watakaokuja watakuja kula waondoke.

Kutega, tundika juu, mita 3 hadi 4, kwenye kivuli, matundu yaangalie mbali na upepo. Wakishaingia na kutulia unaweza kushusha hadi usawa wa kifua kwa urahisi wa kazi, lakini ushuke palepale chini ya mti huohuo, usiku, wote wakiwa ndani. Ukiuhamisha mita 50 pembeni, waliotoka asubuhi watarudi pale pa zamani wakute hewa. Kanuni ya wafugaji ni chini ya mita 1 au zaidi ya kilomita 3.

Fremu10

Mimi ningetetea Langstroth kidogo. Fremu zina nguvu, hazikatiki ukizigeuza, na ukiwa na mashine ya kukamulia unarudisha sega tupu, nyuki hawajengi upya. Kutengeneza nta kunawala asali nyingi.

Lakini kwa mtu wa mizinga 5 asiye na mashine, hapana. Vipimo vyake havisamehe: nafasi kati ya fremu na ukuta ikiwa chini ya mm 6 wanaijaza gundi, ikizidi 9 wanaijenga sega. Fundi aliyekosea kiunzi kimoja tu ataumia zaidi hapa. Baki na viunzi miaka miwili, ujifunze kusoma sega.

MgeniWaManzuki

Asanteni sana wakuu, nimempigia. Nitaanza na 5. Nitajuaje kwamba wameingia kweli na si wapita njia? Na nikishajua, nifungue baada ya muda gani? Mavazi nimeona ya bei kubwa, naweza kushona?

BombaLaMoshi

Tazama miguu yao. Wapelelezi huja wachache, wanazunguka matundu, wanaingia na kutoka mikono mitupu. Siku ukiona wanaingia na vidonge vya njano au vya rangi ya chungwa miguuni, hiyo ni chavua, na chavua ni chakula cha majana. Maana yake malkia ameanza kutaga. Kuanzia hapo hesabu wiki 4 bila kufungua. Kundi jipya likisumbuliwa kabla halina cha kulinda. Linahama, na nyuki wetu hawana uvumilivu katika hilo. Sababu nyingine za kuhama ni njaa, sisimizi, joto na ukosefu wa maji. Kama hakuna kisima au mto ndani ya mita 500, weka beseni lenye mawe na vijiti vya kutua, lisikauke. Wakikosa maji watayafuata kwenye hori la mbuzi wako, na hapo ndipo lawama zitaanza.

Kuhusu mita 150: ongeza. Lenga mita 200 au zaidi kutoka kwenye banda, nyumba na njia ya watu, na uchague upande wa pori wenye vichaka vizito katikati. Kichaka kinawalazimisha kuruka juu ya vichwa. Mbuzi wafungiwe siku ya kufungua mzinga. Mnyama aliyefungwa kamba karibu na manzuki hana pa kukimbilia.

Mavazi shona, hakuna shida. Kitambaa kinene cha rangi nyeupe au kaki, ovaroli pana, na ndani yake vaa nguo nyingine kamili, kwa sababu mwiba hupenya pale kitambaa kinapogusa ngozi. Wavu wa usoni uwe mweusi upande wa mbele, mweupe unakupofusha. Suruali ivaliwe juu ya buti, kisha ifungwe na mpira. Ukiichomeka ndani ya buti umewatengenezea njia.

Fungua saa 11 jioni kwenda mbele, si mchana, muwe wawili. Bomba la moshi lijazwe magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, likolezwe mpaka litoe moshi mweupe wa baridi. Jaribu kwa kiganja, ukiungua na nyuki wataungua. Mipulizo 3 au 4 kwenye matundu, subiri dakika 3. Moshi mwingi nao unaharibu, asali inanuka. Giza likiingia tumia tochi yenye karatasi nyekundu, nyuki hawaoni nyekundu.

Ukichomwa, kwangua mwiba mara moja kwa kucha, kisha fukiza moshi pale pale. Mwiba huacha harufu kama ya ndizi mbivu, na ni harufu ya kuwaita wengine. Mtu akivimba uso, akabanwa pumzi au akasikia kizunguzungu, kazi imekwisha, hospitali moja kwa moja. Ndiyo maana simu yenye chaji na usafiri viwepo kabla ya kuwasha bomba.

NtaNaMchaichai

Naongeza mambo mawili. Nyegere. Huyu haogopi miiba, atavunja mzinga ulio kwenye kigingi au uliobanwa kwenye panda ya mti. Tundika kwa waya kwenye tawi au kati ya nguzo mbili, chini kubaki mita 1 na nusu, pembeni mbali na shina, aushike ubembee aukose. Waya upake grisi kwa ajili ya sisimizi na siafu, urudie kila mwezi kwa sababu vumbi hugandamana na kuwa daraja. Kata pia majani yanayogusa mzinga.

La pili ni alizeti yako. Ni malisho mazuri sana na nyuki watakulipa kwa punje zilizojaa, lakini dawa ya wadudu ikipulizwa ikiwa imechanua utawazika wote. Pulizia kabla ya maua. Ukilazimika, iwe baada ya saa 12 jioni wakiwa wamerudi, na umwambie jirani yako hivyo hivyo, maana nyuki huruka hata kilomita 3.

SeremalaWaNyuki

Kuhusu kurina, mwaka wa kwanza usiwe na haraka. Mvua ikiisha, Mei au Juni, anzia mwisho wa mzinga ulio mbali na matundu. Chukua sega lililofunikwa nta robo tatu au zaidi. Lisilofunikwa bado lina maji, likichanganywa asali itachachuka. Ukikuta majana acha, rudisha taratibu, na uache masega 8 yote kwa jumla. Sega la kiunzi ulishike wima muda wote, ukililaza linakatika kwa uzito wake. Ponda, chuja kwa kitambaa safi, acha kwenye ndoo yenye mfuniko siku 2 hadi 3 povu lipande uliondoe. Usipashe motoni. Mabaki usitupe, ndiyo nta ya chambo cha mizinga yako ijayo. Ichemshe kwa maji kwenye sufuria isiyo ya chuma, chuma huitia weusi.

MgeniWaManzuki

Fundi ameniuliza kitu. Sanduku la kwanza ameshaligonga kwa viunzi 26 vya 38. Ni hasara au linarekebishika?

SeremalaWaNyuki

Linarekebishika. Arande kila kiunzi mm 3 upande huu na mm 3 upande ule, ili katikati ibaki katikati. Kisha mfereji ndio uchorwe. Akishaviweka atabaki na pengo la sm 15.6. Akate viunzi vingine 4, vitachukua 12.8, na sm 2.8 iliyobaki aizibe na kipande cha ubao mwisho wa mzinga, upande usio na matundu.