Kutoka Iringa kwenda kwenye mizabibu ya Dodoma: tufikie wapi?

BintiWaKihesa
Wakuu, habari za jioni. Mimi na shoga zangu wawili tunapenda sana mvinyo wa Dodoma, ila hapa Iringa tunaishia kuuona kwenye rafu za duka. Nataka niushike mzabibu kwa mkono wangu, nione zabibu zinavyokamuliwa. Zaidi ya yote nataka kukaa na watu tuzungumze mvinyo kwa kina, maana huku ukianza habari za ladha unaulizwa tu ni mtamu au mkali. Twende mwezi gani, tufikie wapi?

MkulimaMpunguzi
Karibuni sana dada. Kutokea Iringa mna bahati: mkishavuka bwawa la Mtera, mashamba mnayakuta kabla hamjaingia mjini. Mpunguzi na Bihawana ziko kwenye barabara hiyohiyo, na Bihawana ndiko wamisionari wa Kiitaliano walikopanda mizabibu zamani.

Tunavuna mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari na tena kuanzia Agosti. Njooni Agosti. Mvua hakuna, njia za shambani zinapitika, na mashada hayaozi. Fikeni alfajiri, tunakata kabla jua halijachachamaa. Chuma zabibu aina ya Makutupora, ile nyeusi, utafune na ganda lake: utamu unatangulia, kisha ulimi unakauka. Ukavu huohuo utakuja kuukuta kwenye glasi.

Halafu twende kwenye kukamua. Mchuzi wa zabibu siku ya kwanza ni sukari tupu. Rudi baada ya siku chache, unachemka wenyewe bila moto, ukiinamia tangi hewa inakupiga puani. Chachu inaila sukari, na ikiimaliza ndiyo unapata mvinyo mkavu, yaani usio na utamu.

Wapenzi wa mvinyo wapo tele hapo kwenye mizani, wakulima wakisubiri kupimiwa. Uliza tu shamba la nani limeiva vizuri mwaka huu, hamtaondoka mapema.

MzeeWaMufindi
Binti yangu, nenda, na ukifika waalike na wao waje kwetu. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usiubebe, unazidi kuchacha njiani, na chupa iliyofungwa inapasuka. Waje msimu wa mvua, mianzi ikigemwa. Waone chipukizi likikatwa ncha asubuhi na jioni, utomvu ukidondokea kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi. Waonje mtogwa, ulanzi mpya ukiwa bado mtamu, kisha wasubiri mkangafu, ule uliokwisha kuchacha. Mtu anayejua mchuzi wa zabibu ataelewa upesi kinachotokea humo, na sisi tutapata wa kuzungumza naye. Nimetamani mazungumzo hayo miaka mingi.

BintiWaKihesa
Shikamoo mzee, na asante sana. Mkulima, nakuandikia faragha tupange siku, Agosti ndiyo hiyo. Gari lina nafasi mbili, na dereva wetu hanywi kabisa. Aliye Mafinga, Makambako au hata Mbeya na anapenda mvinyo, aniambie mapema. Tutalala Dodoma ili alfajiri tuwe shambani.