Mafundi, acheni kubahatisha! Gari la kabureta nalo lina cheki injini

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nina gari la General Motors la mwaka 1984, la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini). Taa ya cheki injini ilikuwa inawaka kila injini ikishapata moto, na ukiliacha lingurume bila kukanyaga mafuta linatetemeka kama linataka kuzima. Nikalipeleka kwa fundi. Akaitazama dashibodi, akacheka. "Bosi, gari la kabureta halina cheki injini. Hiyo ni pambo tu, usihangaike nayo." Taa inamwakia usoni, yeye anasema haipo!

Hivi mtu anafunua boneti, anaona soketi za waya zimechomekwa kwenye kabureta, na hajiulizi umeme unakwenda kufanya nini mle ndani? Kuanzia modeli za 1981, General Motors waliweka kompyuta kwenye karibu magari yao yote madogo ya soko la Marekani, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kabureta. Ndani ya kabureta kuna solenoidi (vali ndogo ya umeme) inayopiga mara 10 kwa sekunde. Kwenye eksozi kuna sensa ya oksijeni. Sensa inaonja moshi, kompyuta inaamua mafuta yaongezwe au yapunguzwe, solenoidi inatekeleza. Lengo ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Hesabu hiyo ikikataa kukaa sawa, taa inawaka. Ni teknolojia ya zaidi ya miaka 40, mtu anayejiita fundi wa magari ya zamani hana udhuru wa kutoijua.

Fundi wa pili alikuja na mashine ya kisasa ya kupimia. Akatafuta pa kuichomeka chini ya usukani, akapapasa huku na huku, akakosa. Hukumu yake: "Kompyuta ya hili gari imekufa." Imekufaje, ndugu yangu? Soketi unayoitafuta wewe, ile ya pini 16, imekuwa ya lazima Marekani kuanzia modeli za 1996. Gari hili lina soketi yake, ya matundu 12, ipo hapohapo chini ya dashibodi, na haihitaji mashine yoyote. Inahitaji kipande cha waya.

Baada ya hapo ndipo balaa lilipoanza. Sensa ya oksijeni ikabadilishwa bila kupimwa. Betri ikachomolewa, ikarudishwa, taa ikazima, nikaambiwa gari limepona. Kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu ya kompyuta, basi, hakuna kilichotengenezwa hapo! Sensa ile haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi kama 300 za Selsiasi, kwa hiyo ukiwasha injini ya baridi taa itatulia, utaendesha ukifurahi, na ikishachemka itakuwakia tena. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikarudi nalo kwa fundi. Safari hii tatizo likawa kabureta. Skrubu za kurekebishia mchanganyiko kwenye gari hizi zimefunikwa na vizibo vya chuma tangu kiwandani, makusudi, ili zisichezewe ovyo. Jamaa akavitoboa kwa drili, akazungusha skrubu kwa kusikiliza sauti ya injini. Kisha akaifungua kabureta na kuirudisha kwa kupaka silikoni (gundi ya kuzibia) chini yake juu ya gasketi. Silikoni ya kawaida haiiwezi petroli, inalainika na kuvimba. Na mvuke wake ukiingia kwenye injini unaharibu sensa ya oksijeni, ile ile mpya niliyotoka kuilipia!

Taa ilipogoma kuzima, mnajua alifanya nini? Alichomoa balbu. Nimekabidhiwa gari, dashibodi safi, moyo wangu umetulia. Nimekuja kushtuka nilipofungua swichi bila kuwasha injini: taa ya oili inawaka, ya chaji inawaka, ya cheki injini hakuna. Inatakiwa iwake pale kila mara, ndiyo njia ya kujua kwamba balbu ni nzima. Huo si ufundi, ni kumziba mgonjwa mdomo ili asilalamike.

Na ubaya wake ni huu: balbu hiyohiyo ndiyo inayosoma makosa. Ukiitoa, umejifungia mlango mwenyewe.

Nikanunua balbu, nikaivisha. Injini imezimwa, nikaliangalia lile soketi uso kwa uso. Safu ya juu, tundu la mwisho kulia ni A, linalofuata ni B. Ukiviunganisha hivyo viwili kwa waya halafu ukafungua swichi bila kupiga starta, taa inaanza kuhesabu. (Hivyo viwili tu, msije mkachomeka waya popote halafu mkanitafuta.) Ikawaka mara moja, ikatulia kidogo, ikawaka mara mbili: 12. Ikarudia mpaka mara tatu. Hiyo 12 si kosa, inasema tu kwamba haipati mapigo kutoka kwenye distributa (kile kifaa kinachogawa umeme wa plagi), na ni kweli, injini haizunguki. Maana yake kompyuta ni hai na inaongea. Ile "iliyokufa".

Halafu ikaja 44, mara tatu. Ikarudi kwenye 12. Kwisha.

44 maana yake sensa inaona oksijeni nyingi kwenye moshi. Hapa ndipo naomba mafundi mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo hela za watu zinapopotelea. Namba haikutajii kifaa cha kubadilisha. Inakuambia kompyuta imeona nini. Oksijeni ikizidi kwenye moshi, inaweza kuwa hewa inaingia kwa kuibia kwenye mpira wa vakyumu (kimpira kinachopitisha mvuto wa hewa wa injini). Inaweza kuwa gasketi ya kabureta. Inaweza kuwa eksozi imepasuka kabla ya sensa na inavuta hewa ya nje, au pampu ya hewa inapuliza mahali pasipotakiwa. Hata plagi moja isiyochoma inaleta 44, maana hewa ya silinda ile inatoka na oksijeni yake yote. Sensa mbovu nayo imo kwenye orodha, lakini imo kama mtuhumiwa, msimhukumu kabla ya ushahidi. Na 45, ambayo ni kinyume chake, mafuta yamezidi, usikimbilie kubadilisha kabureta kabla hujaangalia choki (kilango cha hewa juu ya kabureta) kama inafunguka yote, floti (boya la mafuta ndani ya kabureta) kama haijapanda sana, na lile kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa tenki kama halijalowa petroli.

Kupima sensa ni kazi ndogo. Injini ikiwa ya moto, multimita ya dijitali kwenye waya wa sensa, volti inatakiwa icheze juu na chini kati ya 0.1 na 0.9. Yangu ilikuwa imelala chini ya 0.2. Nikaifunga choki kidogo kwa mkono ili mafuta yazidi, volti ikaruka hadi juu ya 0.8 papo hapo. Sensa nzima! Pamoja na silikoni yote ile imenusurika. Inasema kweli, hewa imezidi. Nikaunganisha mita ya dweli (inaonyesha kompyuta inaiamuru vipi ile solenoidi: namba ndogo inaongeza mafuta, kubwa inapunguza) kwenye ule waya wenye kichwa cha kijani karibu na kabureta, nikaiweka kwenye kipimo cha silinda 6 (ni 6 hata kama injini yako ina 4 au 8), ikaganda kwenye nyuzi 10 za dweli, si za joto. Yaani kompyuta imeshakanyaga kuongeza mafuta mpaka mwisho na bado haitoshi.

Basi ni kutafuta tundu. Nilipovuta mafuta kidogo mtetemo ukapungua, na hiyo ni tabia ya hewa ya kuibia, inauma zaidi injini ikiwa chini. Nikatoa kifuniko cha chujio la hewa, nikapapasa mipira mmoja mmoja. Mmoja mwembamba, nyuma ya kabureta, unapopinda kuvaa bomba la chuma, ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa chini usioonekana. Ukiukunja mpasuko unafunguka kama mdomo. Nikaubana kwa vidole, injini ikatulia mkononi mwangu.

Mpira! Kipande cha mpira kisichofika urefu wa kiganja! Kwa hicho nimeuziwa sensa, nimetobolewa kabureta, nimechomolewa balbu, na mwishoni nikashauriwa niitupe kabureta nzima nifunge ile ya kizamani isiyo na waya. Mshauri huyo hajui kwamba kompyuta hiyohiyo ndiyo inayopanga muda wa kuchoma plagi. Ukiinyima sensa iliyomo kwenye kabureta, na muda wa kuchoma unavurugika, na taa haitazima.

Nimevisha mpira mpya. 44 haijarudi, volti inacheza inavyotakiwa. Kilichobaki ni zile skrubu alizozungusha yule bwana. Dweli sasa inacheza, lakini inachezea kwenye 45 wakati nataka iwe karibu na 30, maana yake kaziacha zinamwaga mafuta mengi na kompyuta inahangaika kuyapunguza. Mwenye uzoefu na kabureta hizi anieleze: nianze kwa kuzifunga zote hadi mwisho kisha nizifungue sawasawa, au nizirudishe kidogo kidogo nikiangalia mita? Picha naweka nikitoka kazini.

Wa kuniambia nibadilishe kabureta, tafadhali apite tu.