Mjadala: Jina na shanga za Wamaasai zisajiliwe na kutozwa ada?

Mleta mada
Jina la Wamaasai limeuza viatu (MBT, kirefu chake Masai Barefoot Technology), na miraba ya shuka lao ilipita jukwaani katika mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya mwaka 2012. Maasai Intellectual Property Initiative, chombo kilichoanzishwa na Wamaasai, kinadai kwamba anayetumia jina na sura ya jamii aombe ruhusa na alipe. Kampuni moja ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa ada ya leseni. Swali langu: je, kusajili jina na kutoza ada kutainua kipato cha familia za wafugaji, au kutawabana wanawake wanaotunga shanga kuliko wanaoiga? Wakuu, tujibu kwa vifungu, hatua na hesabu.

Wakili, Kajiado
Kwanza tujue nini kinasajilika. Umbo la mkufu wa tangu enzi za mabibi halisajiliki kama ubunifu wa viwandani, kwa sababu sheria inataka kitu kipya. Hakimiliki kwa kawaida humfuata mtunzi, na nchini Kenya inakoma miaka 50 baada ya kifo chake. Zimebaki njia mbili.

Ya kwanza ni sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Mizizi yake ni Ibara ya 11(3)(a) ya Katiba ya 2010, inayolitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumika. Humo kaunti zimepewa kazi ya kuweka rejista ya maarifa na sanaa hizo, na mtumiaji wa nje anatakiwa kupata ridhaa ya jamii kabla ya kuanza.

Ya pili ni alama ya pamoja ya biashara, yaani nembo ya chama inayotumiwa na wanachama wake, na hii ndiyo ninayoipigania. Chama kinaiomba KIPI, ofisi ya Kenya ya kusajili alama iliyoko Nairobi, kikiwa na katiba yake na kanuni za matumizi: nani mwanachama, bidhaa gani inastahili, nani anakagua, anayekiuka anafanywa nini. Unachagua madaraja, yaani makundi ya bidhaa: 14 kwa mapambo, 18 kwa mifuko na ngozi, 24 kwa vitambaa, 25 kwa nguo. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Alama hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Maombi mengi hukwama kwa sababu watu huleta neno "Maasai" peke yake. Hilo ni jina la watu na la mahali, hivyo mkaguzi atasema halitofautishi bidhaa ya fulani na ya mwingine. Lifungamanishe na nembo na jina la chama.

Mnunuzi, Arusha
Mkuu, umesema KIPI kana kwamba Wamaasai wote wako Kenya. Vipi Longido, Monduli, Ngorongoro na Simanjiro? Sheria ya 2016 haivuki Namanga. Alama nayo hulindwa pale tu iliposajiliwa. Kenya imo kwenye mfumo wa Madrid, kwa hiyo chama cha Kenya kinaweza kupeleka ombi moja la kimataifa na kutaja nchi kinazotaka. Tanzania haimo. Huku unakwenda kwa wasajili wawili, BRELA kwa Bara, halafu BPRA kwa Zanzibar, kila mmoja na ada yake na fomu zake. Ukiisahau Zanzibar umeacha fukwe za Nungwi na Paje, ambako vijana wa Kimaasai wanauza bangili kwa watalii kila siku.

Kuna tatizo kubwa zaidi ya hilo. Wasamburu, Waarusha na Waparakuyo wanazungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, na wanavaa shanga hizo hizo kwa tofauti ndogo. Kanuni zikisema "Mmaasai", Mparakuyo wa Morogoro anaingia au anatoka? Na mama wa Kikamba anayetunga bangili kwa ajili ya Maasai Market ya Nairobi, aache kazi?

Wakili, Kajiado
Aendelee. Alama ya pamoja haimzuii mtu kutunga shanga, inamzuia kuweka nembo asiyostahili. Kuhusu Kimaa, jina la chama liwe la wasemaji wa Kimaa na uanachama upitie vikundi vilivyosajiliwa, badala ya kupima damu ya mtu.

Mtunga shanga, Narok
Mnabishana juu ya jina wakati bidhaa yenyewe inaharibika. Shanga hizi ni za kuagiza tangu zamani. Za kioo kutoka Jamhuri ya Cheki zina tundu linalolingana na rangi iliyo ndani ya kioo. Za plastiki na za kioo cha bei ya chini zimejaa sokoni kwa sababu mama ana mtaji wa siku moja. Mara nyingi rangi ya hizo imepakwa juu tu: jasho na jua vinaibabua, nyekundu inakuwa waridi. Ukubwa wake pia haulingani. Kwenye bangili nyembamba mnunuzi hagundui, lakini kwenye ule mkufu mpana wa duara, wenye mizunguko ya waya iliyoshikwa kwa vipande vya ngozi, shanga moja nene katika kila mzunguko inasukuma inayofuata. Ukifika mzunguko wa kumi mkufu umejikunja na hautalala tena kifuani.

Hasara nyingine iko kwenye kifungo cha chuma. Ulaya inaweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye kitu kinachogusa ngozi ya mtu muda mrefu: mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Risasi kwenye mapambo isizidi asilimia 0.05 ya uzito, kadmiamu asilimia 0.01. Kifungo cha kununua mtaani bila cheti kinaweza kuangusha shehena nzima iliyotungwa vizuri. Kwa hiyo kanuni za alama ziandike aina ya shanga, uzi wa nailoni, waya usioshika kutu, kifungo kisicho na nikeli, na fundo lililofichwa ndani ya ngozi. Bila hayo nembo itabandikwa kwenye takataka, na mnunuzi wa nje akishaumia mara moja harudi.

Na msijaribu kusajili michoro. Kila rika jipya la wamorani huja na mpangilio wake wa rangi, na wanawake ndio wanaoubuni. Ukiandika kwenye rejista kwamba "mkufu halali" ni wa nyekundu, nyeupe na bluu kwa mpangilio huu, umemfunga mikono binti anayebuni leo.

Mhasibu wa ushirika
Nakubaliana na mama wa Narok. Sasa tuitazame ada yenyewe. Tuchukue mfano: kampuni inauza kwa jumla mikoba 1,000 kwa dola 40 kila mmoja, leseni ikiwa asilimia 5. Hiyo ni dola 2,000. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu Wamaasai 1,189,522, na Watanzania hawamo. Ukigawa kwa kichwa hakuna anayepata hata senti moja. Lazima fedha iende kwenye shughuli iliyotajwa kabla: mtaji wa kununua shanga kwa kilo, bweni la wasichana, kisima. Anayesimamia hatoki hewani pia. Kuna mkaguzi wa hesabu, mikutano ya pande mbili za mpaka, tafsiri, na wakili wa kufuatilia anayeiga. Mikataba miwili midogo haitoshi kulipia kesi moja Ulaya.

Pili, nani anatia saini? Ridhaa ya jamii kwa kawaida huombwa kwa laigwanak, yaani viongozi wa jadi, na wazee wa rika, nao ni wanaume. Shanga ni kazi ya wanawake kuanzia kununua hadi kufunga fundo la mwisho. Nisingeunga mkono chama ambacho katiba yake haiwapi vikundi vya wanawake nusu ya kura na saini ya lazima kwenye akaunti.

Mnunuzi, Arusha
Hapo umenigusa. Lakini tusidharau nguvu ya kupinga. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "Kikoy". Ombi likapingwa kwa sababu kikoi ni jina la kawaida la vazi la pwani yetu, na halikufika mwisho. Ilihitaji watu wanaofuatilia matangazo ya alama ng'ambo ndani ya muda wa pingamizi, basi. Kwa kipato cha sasa, kufuatilia matangazo kuna faida kuliko kutoza ada.

Mtunza makumbusho
Kuna vitu visivyopaswa kuwa na bei kabisa, na naona hamjavitaja. Bangili ya orkatar hurithiwa na mwana baba anapofariki. Haiuzwi wala haitolewi zawadi. Wamaasai waliotembelea Pitt Rivers Museum, Oxford, walizikuta kwenye mkusanyo na kueleza kwamba vitu hivyo visingeweza kutoka kwenye familia kwa hiari. Isurutia, pambo la shaba lililozungushwa, nalo huhusu hadhi ya mama. Sasa hivi nakala zake zinauzwa kwa watalii kama hereni.

Rejista ya kaunti ingefaa zaidi hapa kuliko kwenye mauzo. Iwe na sehemu mbili: vinavyoruhusiwa kuuzwa, na vilivyofungwa. Ile ya pili itajwe kwa jina na picha ya nje tu. Maana, maneno na taratibu zake zibaki kwa wazee, kwa sababu kilichoingia kwenye rejista ya wazi kinasomwa na yeyote, akiwemo mwigaji.

Mtunga shanga, Narok
Hapo nakuunga mkono kabisa. Wanawake waulizwe juu ya orodha hiyo pia. Mapambo ya bibi harusi na ya mama aliyetahirishiwa mtoto wanayajua wao.

Wakili, Kajiado
Basi napunguza dai langu. Kanuni zisomwe kwa Kimaa kwenye mikutano ya vikundi kabla ya kulipa hata shilingi ya ombi, maana kuzibadilisha baadaye kunahitaji idhini ya msajili. Lakini daraja la 25 siliachi, kwa sababu nguo ndizo zinazoibiwa jina.

Mhasibu wa ushirika
Mimi ningeanza na daraja la 14 peke yake, katika ofisi tatu: KIPI, BRELA na BPRA. Fedha ya madaraja mengine inunue shanga za kioo kwa jumla na kumlipa mkaguzi mmoja Kenya na mwingine Tanzania. Nguo zingoje mwaka wa tatu, chama kikiwa na vitabu vilivyokaguliwa vya kumwonyesha mwenye kiwanda.

Wakili, Kajiado
Miaka mitatu ni mingi, ndugu yangu. Anayeomba kwanza huwa mbele, na daraja la 25 liko wazi leo kwa yeyote.